Kesi ya Mgombea Binafsi: Mtikila alishinda mara tatu na bado hakuna mgombea binafsi

Kila mwaka nikifika mada ya haki za msingi darasani kuna mwanafunzi atauliza, mwalimu, mimi sina chama na sitaki chama, naweza nikagombea ubunge? Jibu ni hapana. Halafu anafungua Katiba ya Tanzania ibara ya 21 anasoma kwamba kila raia ana haki ya kushiriki shughuli za utawala wa nchi, anarudi nyuma kidogo ibara ya 20 anakuta ni marufuku mtu kulazimishwa kujiunga na chama, anainua kichwa ananiangalia kama mimi ndo nimeandika. Sasa badala ya kujibu juu juu nimeona niichambue kesi nzima ya Mchungaji Christopher Mtikila, maana watu wengi wanaijua kwa jina tu, na wanaoijua zaidi kidogo wanaishia kusema "mahakama iliogopa serikali", ambayo kwangu ni maelezo mepesi mno, kilichotokea ni kigumu zaidi ya hapo na kinakera zaidi.

Tuanze na mazingira. Mfumo wa vyama vingi ulirudi 1992. Mtikila alikuwa na chama chake, DP (Democratic Party), lakini hakikupata usajili wa kudumu, kwa sababu sheria ilitaka chama kiwe na sura ya Muungano na yeye Muungano wenyewe alikuwa haukubali, alikuwa anadai Tanganyika yake. DP ilikuja kusajiliwa mwaka 2002. Kwa hiyo mwaka 1993 tuna mwanasiasa mwenye wafuasi ila hana chama kinachotambulika, na Katiba inasema ili ugombee urais lazima uwe mwanachama na mgombea aliyependekezwa na chama cha siasa, ipo ibara ya 39(1)(c), na kwa ubunge ipo 67(1)(b). Yaani mlango umefungwa na ufunguo anao msajili wa vyama.

Niseme na hili kabla sijaendelea. Mtikila hakuwa malaika. Zile siasa zake za "magabacholi" dhidi ya wafanyabiashara wenye asili ya Asia zilikuwa siasa za chuki, sina namna ya kuzipamba. Lakini kesi za haki za kiraia duniani kote mara nyingi zinaletwa na watu wasumbufu, wale wapole huwa wanavumilia.

Akafungua kesi Mahakama Kuu Dodoma, kesi namba 5 ya 1993, mbele ya Jaji Kahwa Lugakingira. Alibeba madai lundo, hadi uhalali wa Muungano, na mengi yaligonga mwamba. Ila mawili yalipita na ndo yameingia kwenye vitabu. La kwanza ni vibali vya mikutano ya hadhara, jaji akasema kuomba kibali ili utumie uhuru wako wa kukusanyika ni kinyume na Katiba. La pili ni mgombea binafsi. Na kabla ya kufika huko ilibidi avuke kizingiti cha serikali kwamba Mtikila hana haki ya kufungua kesi maana hajaonyesha yeye binafsi kaumizwaje. Lugakingira akaichukua ibara ya 26(2), inayompa kila mtu haki ya kuchukua hatua kuhakikisha hifadhi ya Katiba na sheria za nchi, akasema hii ina maana kama ilivyoandikwa, raia yeyote anaweza kuja hapa kuitetea Katiba. Kwa mwanasheria yeyote anayefanya kesi za maslahi ya umma hapa Tanzania, hukumu hiyo ndo msingi wa nyumba.

Kwenye mgombea binafsi alichofanya ni cha kifundi sana na naomba ukisome taratibu. Hakuifuta ibara ya 39 wala ya 67. Aliziweka mezani pamoja na 20(4) na 21(1), akauliza, hizi zinagongana, nazisomaje zote ziishi? Akaona ukizisoma kwa kuipa uzito haki ya raia basi ni halali mtu kugombea bila chama, sambamba na wale waliopendekezwa na vyama, kwa urais, ubunge na udiwani. Hukumu ilisomwa tarehe 24 Oktoba 1994.

Sasa hapa shika kalenda. Tarehe 16 Oktoba 1994, siku nane kabla ya hukumu, kesi ikiwa bado inasubiri uamuzi, serikali ilikuwa imeshapeleka muswada wa mabadiliko ya kumi na moja ya Katiba. Tarehe 2 Desemba Bunge likapitisha. Tarehe 17 Januari 1995 Rais akasaini. Ikawa sheria namba 34 ya 1994. Nini kilibadilika? Ile ibara ya 21(1) ambayo jaji aliitegemea ikawekewa maneno ya kuifunga kwenye masharti ya ibara ya 39, 47 na 67. Basi. Haki ilibaki pale pale imeandikwa, "kila raia anayo haki", ila ukiifuata mpaka mwisho wa sentensi unakuta inakurudisha kwenye chama. Uchaguzi wa 1995, wa kwanza tangu vyama vingi virudi, ukafanyika bila mgombea binafsi hata mmoja.

Mimi huwa nawaambia wanafunzi wasikimbilie kusema Bunge halikuwa na mamlaka. Lilikuwa nayo, ibara ya 98 inaliruhusu kubadili Katiba kwa theluthi mbili. Swali gumu ni lingine, je, mamlaka ya kubadili Katiba ni pamoja na mamlaka ya kuikamua haki mpaka libaki ganda? Wahindi walishalijibu mwaka 1973 katika kesi ya Kesavananda Bharati kwamba Katiba ina nguzo zake ambazo Bunge haliwezi kuzing'oa hata likiwa na kura zote. Kwetu swali hili lilikuja kuulizwa baadaye sana na jibu lake nitalifikia.

Mtikila akarudi mahakamani 2005. Safari hii majaji watatu, kwa sababu sheria ya utekelezaji wa haki na wajibu, nayo ya 1994, inataka kesi za aina hii zisikilizwe na majaji watatu. Hukumu ikatoka Mei 2006 na akashinda tena. Majaji walipima hayo masharti ya chama kwa kipimo kinachoeleweka duniani, kwamba ukitaka kubana haki uonyeshe lengo halali na uonyeshe umebana kwa kiasi kinachohitajika tu, sio zaidi. Serikali ikashindwa kwenye kipimo hicho. Halafu wakafanya kitu ambacho binafsi nakiona ndo hekima ya kesi nzima, wakatumia ibara ya 30(5), inayoiruhusu mahakama, badala ya kuifuta sheria papo hapo, kuipa serikali muda irekebishe kasoro. Wakaipa muda, kuanzia hapo mpaka uchaguzi mkuu unaofuata, Mwanasheria Mkuu aandae utaratibu wa kisheria wa wagombea binafsi. Hakuna aliyetukanwa hapo, hakuna aliyepinduliwa, ni kazi ya miaka minne na ushee.

Serikali ikakata rufani. Na tunafika kwenye hukumu ya 17 Juni 2010, Mahakama ya Rufani, majaji saba, Jaji Mkuu Augustino Ramadhani akiwa mwenyekiti. Mahakama iliita marafiki wa mahakama watatu, yaani wanasheria wa kuisaidia kwa maoni yao: Profesa Palamagamba Kabudi, Profesa Jwan Mwaikusa na Othman Masoud aliyekuwa Mkurugenzi wa Mashtaka Zanzibar. Angalia maisha yalivyowapeleka. Kabudi akaja kuwa waziri wa katiba na sheria. Othman Masoud, akiwa Mwanasheria Mkuu wa Zanzibar, alipiga kura ya hapana kwa baadhi ya ibara kwenye Bunge la Katiba 2014 na kazi ikaota mbawa, leo jina lake mnalijua kwenye siasa za Zanzibar. Mwaikusa, mwalimu wa Katiba Mlimani na wakili aliyekuwa akitetea watuhumiwa kwenye mahakama ya Rwanda kule Arusha, aliuawa kwa risasi nyumbani kwake Dar es Salaam Julai 2010, haikutimia hata miezi miwili toka hukumu isomwe.

Mahakama ya Rufani iliamua kwamba mahakama haina uwezo wa kuitangaza ibara ya Katiba kuwa kinyume na Katiba, ikiwa ibara hiyo iliingizwa kwa utaratibu sahihi wa ibara ya 98. Ile nadharia ya nguzo za Katiba ya Wahindi ikawekwa pembeni. Ibara zote ziko sawa, hakuna ibara mama na ibara mtoto. Na suala la mgombea binafsi, wakasema, ni la kisiasa, likaamuliwe na Bunge, maana mahakama sio mtunzaji wa matakwa ya wananchi, hiyo ni kazi ya wabunge waliochaguliwa.

Nitasema jambo ambalo wanaharakati wenzangu hawalipendi. Kwenye nusu ya kwanza majaji wale hawakuwa na hoja dhaifu. Katiba yetu kweli haina kifungu kinachosema haki za msingi ziko juu ya ibara nyingine, sura ya haki zenyewe iliingizwa 1984 kwa mabadiliko yale yale ya Bunge, na ikaanza kudaiwa mahakamani 1988. Ukimpa jaji uwezo wa kufuta ibara ya Katiba leo kwa sababu unaipenda haki hii, kesho atafuta ibara unayoipenda wewe. Hofu hiyo ni halali.

Kinachonishinda ni nusu ya pili. Hakuna aliyewalazimisha kuchagua kati ya kufuta ibara na kunyoosha mikono. Lugakingira hakufuta, alisoma ibara kwa pamoja. Majaji watatu wa 2006 walitoa muda. Njia ya tatu ilikuwa wazi, imeshakanyagwa tayari na watu wa chini yao. Na ukitaka kujua kwamba walijua kuna tatizo, hukumu yenyewe ina sehemu wanampa ushauri Mwanasheria Mkuu na Bunge, wakinukuu maoni ya Kamati ya Haki za Binadamu ya Umoja wa Mataifa ya mwaka 1996, kuhusu haki ya kugombea. Sasa we jiulize, mahakama ya juu kabisa ya nchi inatoa ushauri badala ya amri, anayeshauriwa ni yule yule aliyeleta muswada siku nane kabla ya hukumu, na wabunge wanaotakiwa kubadili ni watu ambao kila mmoja wao yuko mle kwa kadi ya chama na ibara ya 71 inasema ukipoteza chama umepoteza kiti. Unampelekea fisi kesi ya mbuzi halafu unamwambia afikirie kwa utulivu. Kulirudisha suala Bungeni kungekuwa na maana kama Bunge lingekuwa na mtu hata mmoja ambaye si wa chama, lakini hilo ndo lilikuwa linabishaniwa!

Mwaka huo huo 2010, mwezi Machi, Tanzania ilikuwa imeweka tamko la kuruhusu watu binafsi na asasi kwenda moja kwa moja Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, iliyopo Arusha. Mtikila akaenda, na Tanganyika Law Society pamoja na Kituo cha Sheria na Haki za Binadamu wakaenda na shauri lao, yakaunganishwa. Hukumu ilitoka 14 Juni 2013.

Mbele ya mahakama hii serikali ilileta hoja zake zote: umoja wa kitaifa, Muungano, kuzuia ukabila, na kwamba nchi changa inahitaji vyama imara. Ikaleta pia kesi ya Castañeda dhidi ya Mexico, ambayo mahakama ya haki za binadamu ya nchi za Amerika iliamua 2008 kwamba Mexico haikuvunja haki kwa kutaka wagombea wapitie vyama. Hoja nzuri kwa karatasi. Mahakama ikaichambua ikaona tofauti, kule Mexico chama kinaweza kumdhamini mtu ambaye si mwanachama wake. Hapa kwetu neno ni "mwanachama wa, na mgombea aliyependekezwa na". Hilo "na" ndo linaua. Huwezi ukaazimwa jukwaa, lazima ule kiapo cha chama, ulipe ada, ufuate nidhamu yao na vikao vyao, na wakikata jina lako usiku huna pa kwenda asubuhi. Mahakama ikakuta Tanzania imevunja ibara ya 10 ya Mkataba wa Afrika wa Haki za Binadamu na Watu, uhuru wa kujiunga ambao ndani yake kuna uhuru wa kutojiunga, ibara ya 13(1) ya kushiriki utawala wa nchi, na ibara za 2 na 3 za usawa. Ikaagiza hatua za kikatiba na kisheria zichukuliwe ndani ya muda unaofaa. Mwaka uliofuata ikakataa madai ya fidia ya Mtikila kwa sababu hakuleta ushahidi wa hasara, ila ikaagiza muhtasari wa hukumu uchapishwe kwenye Gazeti la Serikali na gazeti moja la kitaifa kwa Kiswahili na Kiingereza.

Kwa wakati huo Jaji Ramadhani alikuwa ameshakuwa jaji wa hiyo hiyo Mahakama ya Afrika. Hakukaa kwenye kesi, kanuni zinamzuia jaji kusikiliza shauri la nchi yake, na Septemba 2014 akachaguliwa rais wa mahakama hiyo. Katikati hapo alikuwa makamu mwenyekiti wa Tume ya Warioba, ile iliyoandaa rasimu ya Katiba mpya, na rasimu ya tume ikapendekeza mgombea huru aruhusiwe. Mwaka 2015 akachukua fomu ya kuomba kugombea urais kupitia CCM, jina halikupita. Simcheki marehemu, alikuwa msomi na mtu muungwana kwa kila anayemjua, natoa tu mfano wa mtu mmoja aliyekaa pande zote za hili suala, na alipoondoka kwenye kiti cha Jaji Mkuu ndo lile pendekezo likaandikwa.

Hoja ya kwamba chama ndo kinaleta misimamo na nidhamu ilijibiwa na siasa zetu wenyewe mwaka ule ule. Lowassa alikatwa jina CCM Julai 2015 na kabla mwezi wa nane haujafika katikati alikuwa mgombea urais wa CHADEMA, chama kilichokuwa kimemwandama kwa miaka. Sheria iliridhika kabisa. Kadi mpya, saini, fomu. Mtu akihama chama kwa wiki mbili anaonekana kakidhi sharti la kuwa na chama, ila anayesema ukweli kwamba hana chama anaonekana hatari kwa umoja wa taifa. Na tusijifanye hatujawahi kuwa nao hao wagombea, uchaguzi wa 1960 wa Tanganyika TANU ilibeba viti 70 kati ya 71, kile kimoja cha Mbulu kilichukuliwa na Herman Sarwatt aliyesimama mwenyewe dhidi ya mgombea rasmi wa TANU. Nchi haikupasuka. Wakenya nao wameweka ibara ya 85 kwenye katiba yao ya 2010, wana wabunge huru kila uchaguzi, matatizo yao wanayo mengi ila hilo silo.

Mtikila alifariki kwa ajali ya gari maeneo ya Chalinze tarehe 4 Oktoba 2015, wiki tatu kabla ya uchaguzi. Novemba 2019 Tanzania ikaondoa lile tamko la kuruhusu watu binafsi kwenda Mahakama ya Afrika. Na 2020 Bunge likaibadili ile sheria ya utekelezaji wa haki na wajibu, mlalamikaji akatakiwa aape kiapo kuonyesha yeye mwenyewe binafsi kaathirika vipi, yaani kile kizingiti ambacho Lugakingira alikivunja 1994 kikajengwa upya kwa sheria, na chenyewe kikapingwa mahakamani na watetezi wa haki. Ukiziweka hizi mbili pamoja na mabadiliko ya 1994 utaona ni staili ile ile: hukumu haipingwi, inazungushiwa uzio.

Mwanafunzi mmoja aliniuliza sasa wakili afanye nini leo na kesi ya aina hii. Mahakama ya Afrika Mashariki ipo, ila ina ukomo wa miezi miwili toka kitendo kitokee, kwa ibara iliyopo tangu miaka ya tisini utahangaika kuonyesha kitendo kipya ni kipi. Mahakama ya Rufani inaweza kuurejea msimamo wake wa 2010 ikiletewa shauri sahihi, haijafungwa pingu na hukumu zake za nyuma, na mimi ningeenda kwa hoja ya Lugakingira ya kusoma ibara kwa pamoja, hiyo ya Wahindi ningeiacha kabatini.

Na Bunge likiamua, kazi ya uandishi ni ndogo kuliko kelele zake. Unafuta aya ya (c) kwenye 39(1), unafuta (b) kwenye 67(1), unarekebisha 47 ya mgombea mwenza na 71 ya kupoteza kiti. Hofu ya wagombea wa mzaha au wa kabila moja imeshatibiwa na sheria ya uchaguzi siku nyingi, mgombea urais anatakiwa kuleta wadhamini wasiopungua 200 kutoka kila mkoa katika mikoa isiyopungua kumi, angalau miwili iwe Zanzibar, na wa ubunge ana wadhamini wake 25 jimboni. Asiye na chama apewe fomu hizo hizo azunguke nazo mikoani, akishindwa kuzijaza atakuwa kashindwa na wapiga kura.